Milango ya fundi wa chuo inakwama masika yote: mpwa wangu aende chuo au karakana?

#1 MjombaWaMtopanga
Salaam wanajukwaa. Nina mambo mawili, moja limezaa jingine.

La kwanza: mwaka jana nilimpa kijana mmoja kazi ya milango ya nyumba yangu huku Mtopanga. Ana cheti cha useremala cha chuo, si maneno, nilikiona. Milango ya ndani, mbao ya mahogany (niliambiwa mahogany), paneli mbili kila mlango. Aliifunga Februari, kaskazi kali (msimu wa joto na ukavu), ikawa inafungika kwa kidole kimoja. Masika ilipoingia, wa chumbani ukaanza kulia. Kufika Mei, wa bafuni haufungwi ila kwa bega. Mke wangu ameacha kuhangaika nao, huweka kiti.

La pili: mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amepata D+ kwenye mtihani wa kidato cha nne na ameitwa chuo kusomea useremala na ujenzi wa nyumba. Dada anataka mimi mjomba nishike karo. Jirani yangu ni fundi na chuo hajakikanyaga. Anasema natupa hela baharini, chuo hufundisha karatasi. Mtoto apelekwe karakana miaka miwili atoke fundi.

Sasa mwaelewa swali langu. Chuo ndicho kilichoniletea milango hii, ama?

#2 PilauNaKachumbari
Mlango wa bafuni unafungwa kwa kiti. Wageni wakija mnaimba?

#3 FundiRanda
Wa alaikum salaam. Mimi ni fundi kama huyo jirani yako, chuo sijakikanyaga. Karakana yangu iko Magongo na kila mwaka naletewa wanafunzi wa atachmenti (mazoezi ya kazini), kwa hivyo nawajua.

Mwanafunzi akija nampa patasi butu na jiwe la kunolea, halafu nanyamaza. Mmoja aliinoa pande zote mbili kama kisu cha jikoni. Patasi ina mgongo bapa na upande mmoja tu wa mteremko. Ukiugusa mgongo kwa mshazari, haichimbi tundu lililonyooka tena mpaka ukae nayo jioni nzima kuulaza mgongo upya. Nikamuuliza, chuoni mnanoa vipi? Akasema patasi ni chache, wanafunzi wengi, mwenye zamu ndiye anayenoa.

Lakini haki ya Mungu nitamsemea: huyo huyo nilipompa karatasi alinichorea kabati kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, vipimo vyote, mpaka orodha ya mbao za kununua. Mimi nakata kwa macho na kila kazi hunibakisha vipande vya kuni. Yeye hakubakisha.

Milango yako, jibu umelitaja mwenyewe: Februari. Mbao ya kaskazi imesinyaa. Ukiiachia nafasi ya ukucha, masika ikinywa unyevu itaenda wapi? Mlango nikiufunga kaskazi naweka sarafu ya shilingi tano kati ya mlango na fremu, ipite bila kusukumwa, juu na pembeni. Nikiufunga masika, naubana. Hakuna karatasi inayofundisha hilo.

#4 MwalimuKarakana
@FundiRanda karatasi inafundisha. Mimi nafundisha useremala (chuo sikitaji, nina wakubwa) na hilo ni somo la mwanzo kabisa. Mbao karibu haibadiliki urefu, hubadilika upana. Na ubao uliopasuliwa bapa hucheza karibu maradufu ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini. Ndiyo sababu ya mlango wa paneli kuwa vile ulivyo: mbao za kusimama ni nyembamba, na paneli imekaa ndani ya mfereji bila gundi wala msumari, ipanuke na kusinyaa itakavyo bila kuusukuma mlango mzima. Fundi akiigandisha ile paneli kwa gundi, basi ama itapasuka kaskazi, ama itasukuma masika.

MjombaWaMtopanga, kabla hujamhukumu kijana: paka chaki ya rangi kwenye ukingo wa fremu, funga mlango, fungua, tazama chaki imehamia wapi. Kisha chukua kioo kidogo cha kunyolea ndevu ukipitishe chini ya mlango. Panda stuli utazame na juu. Kuna vanishi huko? Mafundi wengi hupaka panapoonekana tu. Ncha za mbao ndizo zinazonywa maji haraka kuliko ubavu, na ndizo zinazoachwa uchi.

#5 YadiNaMbao
Mnarushiana lawama fundi na mwalimu, mimi muuza mbao nimekaa kando nacheka. "Niliambiwa mahogany." Ndugu yangu, siku hizi mbao yoyote yenye wekundu yaitwa mahogany.

Mbao hukatwa bara, hupakiwa lori mbichi, wiki hiyo hiyo iko Mombasa, wiki ya pili iko kwenye mlango wa mtu. Ya kukauka kwa hewa yataka kupangwa kivulini, vijiti katikati ya kila safu upepo upite, na kanuni ya wazee ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Nani atanilipa kodi ya yadi mwaka mzima? Tangu serikali ipige marufuku ukataji miti 2018, hali ndiyo iliharibika kabisa. Mteja anataka bei ya mbao mbichi na tabia ya mbao kavu.

#6 ZegeLaMoto
Marekebisho kidogo. Marufuku ya Februari 2018 yalihusu misitu ya serikali na ya jamii, si mti wako shambani. Na Julai 2023 Rais Ruto alitangaza kuyaondoa. Tusiyasingizie kila kitu.

Mimi ni msimamizi wa saiti. Siutazami mlango, natazama ukuta. Nyumba ya Mtopanga bila shaka ni mawe ya matumbawe ya kukatwa kwa mashine. Jiwe lile hunywa maji. Fremu ikipachikwa ukutani bila kizuizi cha unyevu na bila kupakwa mgongo wake, basi fremu ndiyo inayovimba, mlango unasingiziwa tu. Shusha timazi (uzi wenye uzito mwishoni) kando ya fremu. Ikiwa imelala, mtafute mwashi, muache seremala wa watu.

#7 PilauNaKachumbari
Mpaka hapa washtakiwa ni Februari, vanishi, muuza mbao na ukuta. Seremala ameachiliwa kwa dhamana.

#8 BintiTimazi
@YadiNaMbao hapo umejifunga mwenyewe. Mbao mbichi ikiwa ndani ya nyumba hukauka, na ikikauka husinyaa. Mlango wa mbao mbichi ungelegea ukaonyesha mwanga pembeni. Huu umekwama. Kwa hivyo ama mbao ilikuwa kavu kweli ikanywa maji masika, ama kuna jambo jingine.

Mimi nimetoka chuo, useremala na ujenzi, na sasa niko saiti za Bamburi. Hii "chuo ni karatasi" naijua. Wiki zetu za kwanza hatukugusa msumari. Kila mtu alipewa kipande cha sayprasi kilichopinda na randa ya mkono, akaambiwa akinyooshe. Unaranda uso mmoja, unaweka skwea juu yake, unauinua ubao mpaka usawa wa jicho na dirisha liko mbele yako. Mwanga ukipenya chini ya chuma, hata uzi mmoja, mwalimu anasema rudi mezani. Uso ukikubalika unautia alama ya penseli, ndipo unahamia ubavu, nao uwe pembe mraba na ule uso. Kisha upana, kisha unene. Wako walioranda mpaka wakaenda kuomba ubao mwingine. Tulidhani anatutesa. Leo nikikuta fremu imepinda najua imepinda kutoka upande upi kabla sijatoa futi mfukoni.

Saiti yangu ya kwanza niliambiwa nibebe maji, na sikushangaa, mimi ni msichana na wao ni wanaume wa miaka hamsini. Siku ya kutega kamba za msingi nikaomba nipime. Mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, kutoka nukta hadi nukta yatakiwa 5 kamili. Ikaja na ziada ya upana wa kiganja. Wakasema macho yao hayajawahi kukosea. Nikawaambia mwenye nyumba atayaona macho yenu siku ya kuweka vigae. Kamba ikavutwa upya, na tangu hapo huitwa mimi.

Kuhusu D+, usichanganyikiwe na barua. Kwa utaratibu wa KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, diploma yataka C-, cheti cha ufundi D, artisan anaingia hata mwenye E. Mpwa wako anaanzia cheti, na akimaliza njia ya diploma iko wazi.

#9 ZegeLaMoto
@BintiTimazi dada, nakubali, ila kwa msingi mkubwa usitumie 3, 4, 5. Tumia 6, 8, 10, au zaidi ukiwa na nafasi. Kipimo kifupi huficha kosa, ukienda mita kumi na tano mbele kosa limekua. Halafu malizia kwa kupima kona kwa kona, zote mbili zilingane. Hata mlango hupimwa hivyo hivyo.

#10 YadiNaMbao
Sijajifunga. Mbao mbichi ikikauka husinyaa, ndiyo, lakini pia hujinyonga. Mlango ulionyongeka kona moja hutoka nje, na hiyo kona ndiyo inayogonga fremu. Fundi anaona umekwama, anasema umevimba, anauranda. Akauranda mahali si pake.

#11 MwalimuKarakana
Hapo sawa. Ila ile kanuni ya mwaka kwa inchi ni ya nchi za baridi na kwa mbao ngumu. Kwa joto letu ubao wa inchi moja wa sayprasi uliopangwa vizuri huchukua miezi michache. Yadi isijifiche nyuma ya mwaka mzima. Na hata ukiukausha kwenye tanuri mpaka asilimia 12, hewa ya Mombasa itaurudisha karibu na 15 polepole. Serikali ya kaunti haiwezi kuizuia hiyo.

#12 MjombaWaMtopanga
Shukran. Nimefanya yote, mpaka mke wangu akauliza kama nimeanza ufundi.

Wa chumbani: chaki imehamia juu tu, upande wa kitasa, alama fupi. Chini hapagusi kabisa, panapita hata daftari.
Wa bafuni: chaki upande wote wa kitasa, tangu kitasa kushuka chini.
Kioo: chini ya mlango wa bafuni ni mbao tupu, imekuwa nyeusi. Juu pia haijapakwa, kwenye milango yote.
Timazi: fremu ya chumbani imesimama wima. Ya bafuni sina hakika, uzi ulikuwa unachezeshwa na upepo.

#13 FundiRanda
Basi una magonjwa mawili, usiyatie dawa moja. Wa chumbani haujavimba, umelala. Bawaba ya juu imelegea, mlango ukainamia kitasa. Hesabu bawaba. Zikiwa mbili kwenye mlango mzito wa paneli, ndiyo hiyo, zatakiwa tatu. Na tazama skrubu: za inchi moja hazishiki chochote, tia ndefu zifike mpaka ndani ya fremu. Karibu na bahari usinunue bawaba za chuma cha bei rahisi, kutu yake haikawii. Shaba nyeupe au chuma cha pua.

Wa bafuni ni maji. Hapo mwalimu kasema kweli, unakunywa kutoka chini kila mtu anapooga.

#14 ZegeLaMoto
Na ile ya bafuni hujui kama fremu imesimama. Ngojea siku isiyo na upepo, au zamisha timazi kwenye ndoo ya maji litulie. Sijauondoa ukuta wangu kwenye orodha.

#15 KibokoniHuyu
Mwazungumza milango na Mombasa ina milango ya mamia ya miaka? Njooni Mji wa Kale. Mlango wa nyumba ya babu yangu ni wa msaji na sijauona kukwama masika hata moja. Wallahi hakuna cheti kilichotumika pale. Mwanafunzi aliketi chini ya fundi, akafagia takataka, akanoa, akabeba, akaanza kuchonga nakshi baadaye sana. Vyuo vimekuja na milango ya kukwama.

#16 MwalimuKarakana
@KibokoniHuyu babu yako alikuwa na hesabu nzuri kuliko unavyomsifu. Mlango ule una mbao mbili, kila ubao mwembamba wa kwake, na mfaa katikati unaofunika uwazi. Upana ukigawanywa mara mbili, mchezo wa kila ubao ni nusu. Pia hauna bawaba. Unazunguka kwa ncha za mbao zilizotiwa kwenye matundu juu na chini, kwa hivyo hakuna skrubu ya kulegea. Na msaji ni katika mbao zinazotulia sana. Hapo hakuna siri ya karakana, kuna usanifu. Tungeufundisha chuoni kama kungekuwa na nafasi kwenye mtaala, na hapo ndipo nalia nanyi: mwanafunzi wa Mombasa anamaliza bila kuchonga nakshi hata ya shubiri moja.

#17 KibokoniHuyu
Mwalimu, hapo twakutana. Ongeza na boriti. Vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ya mkoko ukiivusha zaidi ya mita tatu hivi hulegea. Nyumba ilifuata mti. Siku hizi mtu ananunua ramani mtandaoni kisha anatafuta mti wa kuifuata.

#18 YadiNaMbao
Na akikosa anakuja kwangu kutaka sayprasi ya futi ishirini na nne isiyo na kifundo.

#19 Mpwani_Ontario
Hamjambo wa nyumbani. Mimi ni wa Likoni, niko Ontario, Kanada, mwanagenzi wa useremala. Nimesoma uzi wote.

Huku swali la "chuo au karakana" halipo kwa sababu wamevifunga pamoja. Seremala anasajiliwa kama mwanagenzi chini ya mwajiri, anatakiwa saa 7,200, na sehemu kubwa kabisa ya hizo ni saiti kwa malipo. Darasani unaitwa kwa wiki kadhaa, unarudi kazini. Mwisho kuna mtihani, ukifaulu unapata muhuri wa Red Seal unaotambulika majimbo mengine. Kuna na kozi za chuo za kuanzia, lakini cheti cha kozi peke yake hakikufanyi seremala kamili.

Kazi yenyewe ni tofauti. Nyumba huku ni mbao tangu msingi kwenda juu. Ukuta ni mbao za kusimama kila inchi 16, kiini hadi kiini, kwa sababu bodi ni futi 4 kwa 8, na inchi 96 ukizigawa kwa 16 ni 6 kamili, bodi inaishia katikati ya mbao bila kukatwa. Mawe ya kwetu yangewashangaza.

Milango? Hukwama huku pia, ila kiangazi! Majira ya baridi nyumba inapashwa moto, hewa ndani inakauka, milango inasinyaa. Joto na unyevu vikija inavimba. Na sarafu ya FundiRanda imenichekesha, wazee wa huku hutumia ya senti tano.

#20 PilauNaKachumbari
FundiRanda ana tawi Kanada na hakutuambia.

#21 FundiRanda
Watume hisa zangu.

#22 KaziNiKazi
Mpwani, hata kwetu mambo hayo yapo ila hayajashikana. Mimi nimejifunza kwa mkono, Changamwe, chini ya baba mdogo. Nilienda kufanya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, daraja la tatu, baadaye la pili. La kwanza ndilo la juu, wengi hulidhania kinyume. Kuna maswali ya kuandika na kuna kazi ya mkono na msimamizi amekukalia kichwani. Sikuwa na chuo na nilipita. Sasa kuna ile ya kutambuliwa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, sera yake ilizinduliwa 2024, fundi anapimwa kwa anachojua bila kuanza upya na watoto.

Kwa hivyo mjomba, karakana si mwisho wa cheti. Ila mwambie mtoto asikae miaka kumi bila karatasi. Kwenye saiti kubwa mlangoni wanauliza kadi ya NCA, mamlaka ya ujenzi.

#23 ZegeLaMoto
Kweli, sheria ya NCA ni ya 2011 na inawagusa hata mafundi na wasimamizi, si makandarasi peke yao. Na jambo jingine watu wa karakana hawalisemi: saiti ya ghorofa inataka milango mingi ya kipimo kimoja, milimita 900 kwa 2,100, yote. Anayekata kwa macho hunipa milango ambayo kila mmoja ana fremu yake. Mzuri, lakini siwezi kumpa kazi.

#24 FundiRanda
Nimesikia. Nimekasirika, lakini nimesikia.

#25 MzeeWaTudor
Enzi zetu tulikwenda Poli, na Poli ilikuwa Poli. Ilianza 1972 na mtu akitoka pale na cheti cha ufundi alingojewa na kazi getini. Mlipoifanya chuo kikuu mkaua ufundi. Sasa kila mtu anataka digrii, nani atashika randa?

#26 KibokoniHuyu
Mzee wangu, heshima kwako, 1972 ndipo ilipoitwa Mombasa Polytechnic. Yenyewe ni MIOME, chuo cha Waislamu, wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, ndipo Poli, 2007 chuo kishiriki, 2013 Technical University of Mombasa. Marehemu baba alikuwa akiapa kwa MIOME, Poli kwake ilikuwa jina la juzi.

#27 MzeeWaTudor
Baba yako namheshimu. Bado getini tulingojewa.

#28 MwalimuKarakana
Mzee, ufundi haujafa, umehama mlango. Kuna Kenya Coast National Polytechnic pale Kisauni Road, na kuna vituo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, vile vilivyoitwa youth polytechnic zamani, vinavyopokea hata asiyemaliza sekondari. Nisichokipenda ni vile wazazi wanavyoleta mtoto: "mwalimu, huyu kichwa kizito, mfundishe ufundi." Hesabu ya paa ni pembe na mizizi ya mraba. Kichwa kizito hutuangushia paa.

#29 FungaKazi_Kisauni
Nimesoma kimya nikashindwa. Sikuifunga milango hii, lakini ningeweza kuwa mimi. Nina cheti, na kazi zangu za mitaani huenda hivi: mteja ananunua mbao mwenyewe kwa sababu hamuamini fundi. Anakuletea ilivyo. Unamwambia ingoje, anasema Idi inakaribia. Unamwambia bawaba tatu, anahesabu, ananunua mbili. Vanishi anasema atapaka mwenyewe baadaye, au ndugu yake atapaka. Pesa ya mwisho anakata mia tano ya "chai ya watoto". Halafu masika inakuja, chuo kinaitwa kibaya.

MjombaWaMtopanga, nani alinunua mbao? Nani alipaka?

#30 MjombaWaMtopanga
Mbao nilinunua mimi, yadi nilielekezwa na jirani. Bawaba ni mbili. Vanishi alipaka kijana wa rangi, si seremala.

#31 PilauNaKachumbari
Mheshimiwa hakimu, upande wa utetezi umemaliza.

#32 YadiNaMbao
Jirani. Yule yule anayesema chuo ni karatasi. Naomba nijue yadi hiyo inampa asilimia ngapi.

#33 FundiRanda
Msimvue kijana lawama zote. Fundi mzima akiletewa bawaba mbili anakataa kufunga. Akiona chini ya mlango hakujapakwa, haupachiki. Anaulaza juu ya stuli, anapaka mwenyewe, hata kwa vanishi iliyobaki koponi. Kukataa ndiko hakufundishwi chuoni, na labda ndiko mnakokuita uzoefu. Kijana wa cheti anaogopa mteja. Mimi mteja akinisumbua namrudishia mbao zake.

#34 BintiTimazi
Fundi, wewe una karakana na jina. Kijana ana kodi ya mwisho wa mwezi. Kukataa ni rahisi ukiwa na kazi nyingine imelala mezani. Hata saiti, wanaokataa kupachika fremu ukutani bila kuipaka mgongo hawaitwi kesho.

#35 KaziNiKazi
Hapo sasa ni mambo ya mfuko. Chuo wala karakana havihusiki.

#36 MjombaWaMtopanga
Karo ya muhula wa kwanza nimeshamwambia dada nitaitoa, kwa sababu siku ya kuripoti haitungojei tumalize uzi. Likizo nitamwomba FundiRanda Magongo, kama mwenyewe ataridhia. Jirani amenuna.

Sasa mlango wa bafuni. Niutoe urandwe leo?

#37 FundiRanda
Aje, atafagia kwanza. Mlango usiurande sasa! Umevimba. Ukiuranda masika, Januari utaona nafasi ya kupitisha paka. Utoe, uukaushe ndani, kivulini, si juani, upake chini na juu, ndipo uone umebaki na ugomvi gani.

#38 BintiTimazi
Na wakae bila mlango wa bafuni mpaka kaskazi? Bafu halina kaskazi, maji ni kila siku. Randa kidogo upande wa kitasa, paka ncha zote siku hiyo hiyo makoti mawili, rudisha. Nafasi ikibaki kubwa Januari ni ya bafuni, nani atachungulia?

#39 MwalimuKarakana
Randa upande wa bawaba, si wa kitasa, usije ukahamisha tundu la kitasa.

#40 FundiRanda
Mwalimu, upande wa bawaba utachimba vitanda vya bawaba upya. Kazi mara mbili.

#41 ZegeLaMoto
Na hakuna aliyepima fremu bado.

#42 PilauNaKachumbari
Shemeji anauliza kama kiti anaweza kukirudisha sebuleni.

#43 Mpwani_Ontario
Nikiwa hapa hapa: kuna mtu anajua pa kupata randa ya chuma ya mtumba Mombasa, zile nzito za zamani? Nakuja Desemba na za huku mpya bei haishikiki.

#44 YadiNaMbao
Njoo kwangu na ya kwako ya Kanada tubadilishane. Na msasa mzuri ubebe, wa hapa unakwisha kabla ya ubao.

#45 FundiRanda
Ninazo mbili za urithi, moja mdomo umepasuka. Siuzi. Lakini ukifika Magongo nitakuonyesha anayeuza, na kunoa utanoa mbele yangu kwanza.